Kutoka Muthurwa hadi Madrid: McDonald Mariga, Ndugu Yake na Maana ya Soka ya Kulipwa

Utangulizi

Usiku wa Mei 22, 2010, katika uwanja wa Santiago Bernabéu jijini Madrid, Inter Milan ya Italia iliilaza Bayern Munich ya Ujerumani mabao mawili kwa nunge na kutawazwa bingwa wa Ulaya. Miongoni mwa wachezaji wa akiba waliokuwa wameketi nyuma ya kocha José Mourinho alikuwamo kijana wa miaka 23, mzaliwa wa Nairobi, McDonald Mariga Wanyama. Hakuingia uwanjani. Miaka tisa baadaye, Juni mosi 2019, katika jiji lilo hilo ila katika uwanja mwingine, Wanda Metropolitano, Tottenham Hotspur ya Uingereza ilizidiwa nguvu na Liverpool kwa mabao 2-0 katika fainali ya mashindano yayo hayo. Kwenye benchi la Tottenham aliketi Victor Mugubi Wanyama, mdogo wake Mariga. Yeye pia hakuingia. Aliyetikisa wavu mara ya pili kwa niaba ya Liverpool, katika dakika ya 87, alikuwa Divock Origi, mzaliwa wa Ubelgiji ambaye babake, Mike Okoth Origi, aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Kenya.

Hapana shaka kwamba ni nadra sana familia moja, popote duniani, kupeleka ndugu wawili katika fainali mbili tofauti za kilele cha kandanda ya klabu barani Ulaya. Ni nadra zaidi familia hiyo inapotoka katika mtaa wa wafanyakazi wa reli ulio hatua chache tu kutoka kituo cha magari ya abiria. Hata hivyo, habari za ndugu hawa husimuliwa aghalabu kama ngano: palikuwa na vijana, wakacheza mpira, wakatajirika. Makala haya yanajaribu kueleza njia yenyewe jinsi ilivyopitwa, milango iliyofunguka na iliyofungwa, na vilevile maneno ambayo Kiswahili kimeitumia njia hiyo kuieleza. Mkazo umewekwa kwa Mariga kwa sababu ndiye aliyetangulia kukanyaga majani yenye umande.

Ng'ambo, ughaibuni, majuu

Mwanakandanda aliyeihama nchi yake huelezwa na magazeti ya Kiswahili nchini Kenya kuwa "anayesakata soka ya kulipwa ughaibuni". Neno ughaibuni limejengwa juu ya mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutokuwapo, kutoonekana kwa macho. Aliye ughaibuni, basi, hutazamwa kutoka upande wa waliobaki: ni yule asiyeonekana nyumbani. Neno ng'ambo ni la jirani zaidi; huashiria upande wa pili wa maji, mahali ambapo kuna kwenda na kurudi kama kwenda ng'ambo ya mto. Vijana wa Eastlands hawatumii sana lolote kati ya haya mawili. Wao husema majuu. Katika Sheng, aliyekwenda Ulaya au Marekani yuko majuu, kana kwamba dunia ni ngazi na Nairobi imo kwenye vipago vya chini. Maneno haya matatu, yakiwekwa pamoja, yanatoa sura karibu kamili ya maisha ya mchezaji kama Mariga: amekosekana nyumbani, amevuka, na amepanda. Lugha haina hatia katika jambo hili, ila nayo huchangia kuwajaza vijana matarajio kwamba kuondoka ni sawa na kupanda. Wengi waliondoka na hawakupanda kokote.

Fauka ya hayo, kishazi "soka ya kulipwa" kinastahili kutazamwa kwa jicho la pili. Kitenzi lipa katika hali ya kutendwa kinamtambulisha mchezaji kwa ujira anaopokea. Maana iliyojificha ni kwamba kuna soka nyingine isiyolipwa, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyochezwa Nairobi hata katika ligi kuu. Joe Kadenge, nyota wa miaka ya 1960 ambaye jina lake bado hutajwa na watu wasiowahi kumwona akigusa mpira, hakuwa na soka ya kulipwa ya kukimbilia. Uwanja wa City kando ya barabara ya Jogoo ulipewa jina lake mwaka 2019, mwaka aliofariki.

Muthurwa

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi: Muthurwa, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo, Jericho, Pumwani, Eastleigh, na kuendelea hadi Mathare, Huruma, Kariobangi, Dandora, Umoja na Kayole. Mitaa iliyo karibu na jiji ilijengwa enzi ya ukoloni ili kuwahifadhi vibarua na wafanyakazi Waafrika, huku Wazungu wakijitengea vilima vya magharibi vyenye miti na upepo. Muthurwa ulikuwa wa shirika la reli. Nyumba zake zilikuwa ndogo, zimepangwa safu kwa safu, na wapangaji wake walitoka pembe zote za nchi. Katika mazingira kama hayo mtoto hujifunza Kiswahili kabla ya kujua vyema lugha ya mamake, kisha hukipinda Kiswahili hicho mpaka kikawa Sheng. Ikumbukwe pia kwamba makao yenyewe hayakuwa na uhakika. Mwaka 2010, mwaka uo huo ambao Mariga alikuwa akivalia jezi nambari 17 ya Inter, wapangaji wa Muthurwa walikwenda mahakamani kupinga kufurushwa na mfuko wa malipo ya uzeeni wa shirika la reli. Uamuzi wa Mahakama Kuu ulitolewa mwaka 2013, na hadi leo kesi hiyo hurejelewa na wanasheria wanaojadili haki ya makao chini ya Katiba ya 2010.

Mariga alizaliwa Aprili 4, 1987. Babake, Noah Wanyama, alikuwa mchezaji wa AFC Leopards katika miaka ya 1980. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wahenga walinena, na katika nyumba hii msemo ulitimia kwa wingi: mbali na Mariga na Victor, ndugu zao Thomas na Sylvester pia walisakata kandanda, na dada yao Mercy ameichezea Kenya mpira wa kikapu. Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kwa nini kaka mmoja aliandikwa Mariga mgongoni na mwingine Wanyama. Wote wawili ni wana wa Wanyama. Mmoja alijulikana uwanjani kwa jina lake la katikati, basi.

Ndugu hawa walisomea shule ya upili ya Kamukunji. Jina hilo lina kisa ambacho mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kukipita. Uwanja wa Kamukunji, ulio karibu na hapo, ulitumiwa tangu zamani kwa mikutano ya kisiasa, na ndipo palipoitishwa mkutano wa Saba Saba, Julai 7, 1990, wa kudai mfumo wa vyama vingi. Kutokana na matukio hayo jina la mahali liligeuka nomino ya kawaida. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya wanapoitana kujadili mgomo au karo husema wanakwenda kwenye kamukunji, na wabunge nao hufanya kamukunji. Ni mojawapo ya maneno machache ambayo Eastlands imeyakabidhi Kiswahili cha Kenya bila kupitia Sheng.

Kuhusu mpira wenyewe, Eastlands ina vyuo vyake visivyo na majengo. Kuna uwanja wa Camp Toyoyo kule Jericho. Kuna mashindano ya Koth Biro, ambayo jina lake kwa Kidholuo lina maana kwamba mvua inakuja. Huko mchezaji wa ligi kuu na kijana asiyejulikana hukutana kwenye vumbi moja. Kuna pia Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada, ambayo ilikuja na utaratibu wa aina yake: timu ilipata alama za ligi kwa kufagia taka na kuzibua mitaro mtaani, sawa na ilivyozipata kwa kushinda mechi. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008 na ambayo Dennis Oliech aliichezea kabla ya kwenda Qatar na baadaye Ufaransa.

Mariga hakupitia Mathare. Alipitia Ulinzi Stars, Tusker na Kenya Pipeline, yaani timu ya jeshi, timu ya kampuni ya bia na timu ya kampuni ya mabomba ya mafuta. Jambo hili lina maana. Katika kipindi hicho klabu za umma kama Gor Mahia na AFC Leopards, zenye mashabiki wengi kuliko zote, zilikuwa zikiyumba kwa ugomvi wa uongozi na ukosefu wa fedha. Mchezaji aliyetaka mshahara wa kutegemewa alitafuta timu iliyokuwa na mwajiri nyuma yake.

Baridi ya Uswidi

Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 18, Mariga alijiunga na Enköpings SK ya Uswidi. Mwaka uliofuata alihamia Helsingborgs IF. Wengi hujiuliza kwa nini Uswidi, nchi isiyokuwa na uhusiano wa kihistoria na Kenya. Jibu linapatikana katika taratibu za ajira na katika mizani ya fedha. Klabu kubwa za Italia au Uingereza hazimchukui moja kwa moja kijana kutoka ligi isiyotazamwa na mtu. Isitoshe, Italia huweka mipaka kwa idadi ya wachezaji wapya kutoka nje ya Muungano wa Ulaya ambao klabu yaweza kuwasajili kwa msimu. Klabu za Skandinavia, kwa upande wao, hazina fedha za kununua nyota waliokwisha kung'aa. Huwatafuta wasiojulikana, huwanoa, kisha huwauza kusini kwa faida. Ni soko la kati. Anayefika huko hupata jambo moja ambalo Nairobi haingeweza kumpa: kutazamwa.

Njia hiyo ilipitwa na wengine kabla na baada yake. Robert Mambo Mumba alizichezea BK Häcken na Örebro. Michael Olunga alipitia Djurgården ya Stockholm mwaka 2016. Mlinda lango Arnold Origi alikaa miaka mingi Norwe na hatimaye akafika Helsinki, Ufini, kuichezea HIFK. Aghalabu Wakenya hawa hawatajwi katika mazungumzo ya mitaani kwa sababu ligi hizo hazikuonyeshwa katika vibanda vya video vya Eastlands, ambamo Uingereza ndiyo hutawala.

Kule Helsingborg, Mariga alicheza pamoja na Henrik Larsson, mshambuliaji aliyekuwa amerejea klabu yake ya nyumbani baada ya kutwaa ubingwa wa Ulaya na Barcelona mwaka 2006. Timu hiyo ilishinda Kombe la Uswidi mwaka uo huo. Mdogo wake Victor naye alimfuata Uswidi mwaka 2007 akiwa kijana wa miaka 16. Mariga alipouzwa Italia, Victor alirejea Kenya, na mwaka 2008 akapata nafasi nyingine Ubelgiji, katika klabu ya Germinal Beerschot. Kipindi hicho kifupi cha kurudi nyumbani hakitajwi mara nyingi, ilhali ndicho kinachoonyesha jinsi uzi wa maisha haya ulivyo mwembamba. Kijana wa umri huo, katika nchi ngeni, alikuwa akitegemea uwepo wa kaka yake. Kaka alipohama, mlango wake nao ulijifunga.

Parma, na kibali kilichokosekana

Mariga alitua Parma katikati ya mwaka 2007 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Italia. Msimu wake wa kwanza uliishia pabaya. Mei 18, 2008, siku ya mwisho ya ligi, Parma ilifungwa nyumbani mabao 2-0, ikateremshwa daraja. Wageni walioshinda siku hiyo na kubeba ubingwa walikuwa Inter. Msimu uliofuata Parma ilicheza ligi ya pili, ikapanda tena mwaka 2009, na Mariga alipanda nayo akiwa kiungo aliyekomaa.

Neno kiungo lina utajiri ambao Kiingereza hakina. Goti ni kiungo. Bizari ni kiungo. Mchezaji wa safu ya kati ni kiungo kwa maana zote mbili: anaunganisha ulinzi na mashambulizi kama goti linavyounganisha paja na muundi, na bila yeye mchezo hukosa ladha. Kiungo mkabaji, kazi ambayo Mariga na Victor waliifanya, ni mwenye jukumu la kukatiza, kupokonya na kukabidhi. Hafungi sana. Jina lake halitangazwi mara nyingi. Thamani yake hutambuliwa na makocha kabla ya mashabiki.

Januari 2010 Manchester City, iliyokuwa chini ya Roberto Mancini, ilikubaliana na Parma kumchukua Mariga. Angekuwa Mkenya wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Uhamisho huo ulikwama kwa sababu ya kibali cha kazi. Masharti ya Uingereza wakati huo yalimtaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe ameshiriki angalau asilimia 75 ya mechi rasmi za timu yake ya taifa katika miaka miwili, na taifa lake liwe, kwa wastani wa miaka hiyo miwili, miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA. Kenya haikuwamo.

Hapa ndipo kisa cha mtu mmoja kinapokuwa kisa cha nchi. Orodha ya FIFA hujengwa kwa matokeo ya mechi zilizochezwa. Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA mwaka 2004 kwa miezi kadhaa, na tena kuanzia Oktoba 2006 hadi Machi 2007, kutokana na mivutano ya viongozi wa kandanda na mkono wa serikali katika shughuli za shirikisho. Nchi iliyofungiwa haichezi, na isiyocheza haipandi. Desemba 2008 Kenya ilikuwa imefika nafasi ya 68, ya juu kabisa katika historia yake, lakini mwezi mmoja mzuri haukutosha kuinua wastani wa miaka miwili. Waliogombania ofisi jijini Nairobi huenda hawakuwahi kufikiri kwamba ugomvi wao ungefika hadi dawati la afisa wa uhamiaji wa Uingereza. Ulifika.

Siku ya kufungwa kwa dirisha la uhamisho, Inter ilimsajili. Kwa hiyo mlango uliofungwa Manchester ulimpeleka katika klabu ambayo msimu huo ingeshinda ligi, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa, jambo ambalo hakuna klabu nyingine ya Italia iliyokuwa imelifanya. Mashabiki wa mtaani huita hiyo bahati. Bahati ilikuwapo, waama, ila Inter haikumsajili kwa kumhurumia.

Mariga alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Machi 16, 2010 aliingia dakika za mwisho Inter ilipoilaza Chelsea 1-0 jijini London. Aprili 28, katika nusu fainali ya pili dhidi ya Barcelona, mechi ambayo Inter waliicheza kwa sehemu kubwa wakiwa wachezaji kumi, alitumwa uwanjani zikiwa zimesalia dakika chache kuchukua nafasi ya Samuel Eto'o. Mwenye kutaka kujua kama kocha alimwamini hana haja ya kutafuta ushahidi mwingine. Mchezaji asiyeaminika haingizwi katika dakika hizo.

Yaliyofuata hayakuwa na mng'ao huo. Mourinho aliondoka baada ya fainali. Mwaka 2011 Mariga alikopeshwa Real Sociedad ya Uhispania, kisha akarejeshwa Parma kwa mkopo. Majeraha yalimwandama. Baada ya kuagana na Inter aliichezea Latina katika ligi ya pili ya Italia, kisha Real Oviedo ya Uhispania. Mpanda ngazi hushuka, na katika taaluma hii wengi huanza kushuka kabla ya kutimiza miaka 30.

Zamu ya mdogo

Victor, aliyezaliwa Juni 25, 1991, alifikia kimo kirefu zaidi na kukaa huko muda mrefu zaidi. Alitoka Beerschot akaenda Celtic ya Uskoti mwaka 2011 kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni 900,000. Novemba 7, 2012, Celtic ilipoikaribisha Barcelona mjini Glasgow, alifunga kwa kichwa kutokana na kona katika dakika ya 21, na mechi ikaisha 2-1 kwa faida ya wenyeji. Julai 2013 Southampton ilimnunua kwa pauni milioni 12.5, ada ambayo hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kulipwa kwa mchezaji. Hivyo ndivyo nafasi iliyomponyoka kaka yake miaka mitatu na nusu awali ilivyomwangukia yeye: akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Kenya ilikuwa ingali nje ya 70 bora.

Alihamia Tottenham mwaka 2016. Bao lake la Februari 4, 2018 uwanjani Anfield, kombora lililopigwa kutoka nje ya kijisanduku, lilichaguliwa kuwa bao bora la mwezi katika ligi hiyo. Mwaka 2019 aliiongoza Harambee Stars akiwa nahodha katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, mara ya kwanza kwa Kenya kushiriki tangu 2004. Machi 2020 alikwenda Montreal, Kanada, alikokaa hadi mwisho wa msimu wa 2024.

Kuuza mtu

Makala haya yenyewe yametumia vitenzi kuuzwa, kununuliwa na kukopeshwa. Ni msamiati wa kawaida katika kurasa za michezo, na hakuna anayeushangaa. Hata hivyo, katika lugha iliyokulia kwenye pwani ambako watu waliuzwa kwelikweli, ni vyema maana ielezwe. Kinachouzwa ni nini hasa? Mchezaji hufunga mkataba wa kazi na klabu kwa miaka maalumu. Klabu nyingine inayomtaka kabla ya muda huo kwisha huilipa ya kwanza ili ikubali mkataba uvunjwe. Fedha hizo ndizo ada ya uhamisho. Mkataba ukishakwisha, mchezaji yuko huru na hakuna ada, kanuni iliyothibitishwa na mahakama ya Ulaya Desemba 1995 katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Kabla ya hapo, hata aliyemaliza mkataba angeweza kuzuiwa. Kwa hiyo neno kuuzwa lilikaribia ukweli zaidi zamani kuliko sasa. Uhamisho ni neno safi zaidi, na pengine ndilo lingefaa vichwa vya habari, ingawa halina makali ya kuvuta macho.

Swali la msingi zaidi ni nani hunufaika. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinataka asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zote zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Hesabu yake ni hivi. Kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una thamani ya asilimia 0.5. Chukua ada ya pauni milioni 12.5 iliyolipwa na Southampton. Fungu la asilimia tano ni pauni 625,000. Klabu iliyomlea mchezaji wa ada hiyo kwa miaka minne, kuanzia umri wa 12 hadi 15, ina haki ya kudai pauni 125,000. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka 2013 hizo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 15 za Kenya. Kwa timu ya mtaani isiyo na basi wala nyavu, hizo ni fedha za kujenga upya kila kitu.

Ila kuna masharti. Sharti klabu iwe ilikuwa mwanachama halali wa shirikisho la taifa. Sharti mchezaji awe alisajiliwa kwa jina na tarehe, na shirikisho liweze kuthibitisha. Timu nyingi za Eastlands huishi kwa urafiki, kwa kocha mmoja mwenye filimbi na mpira, na kwa daftari linaloweza kulowa mvua msimu wowote. Kijana huonekana leo katika timu hii, kesho katika ile, na baadaye hakuna karatasi inayoonyesha alikuwa wapi. Isitoshe, kwa miaka mingi kanuni hiyo ilihusu tu uhamisho kati ya nchi na nchi. Victor alipotoka Southampton kwenda Tottenham, kutoka klabu ya Uingereza hadi nyingine ya Uingereza, waliomlea nje ya nchi hiyo hawakuwa na haki ya kudai chochote chini yake. Kanuni ilipanuliwa kuanzia Julai mosi 2020 ili kugusa hata uhamisho wa ndani pale klabu iliyomlea mchezaji inapotoka nchi nyingine. Kwa kizazi cha Mariga mabadiliko hayo yalichelewa.

Baada ya kiatu kutundikwa

Mwaka 2019 Mariga alirudi Nairobi na kujitosa katika siasa. Aligombea kiti cha ubunge cha Kibra kwa tiketi ya chama cha Jubilee katika uchaguzi mdogo wa Novemba 7, akashika nafasi ya pili nyuma ya Imran Okoth wa ODM. Kibra iko upande mwingine wa jiji, na wapinzani wake hawakukosa kumkumbusha hivyo. Katika kampeni hizo ilidhihirika kwamba umaarufu wa mchezaji aliyekaa nje miaka mingi ni kitu cha ajabu: kila mtu anamjua, na ni wachache wanaoweza kusema anaishi wapi. Hapa neno ughaibuni linarudi na maana yake ya asili.

Desemba 7, 2024 alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Kandanda la Kenya pamoja na rais Hussein Mohammed. Miaka miwili kabla ya uchaguzi huo, tangu Februari hadi Novemba 2022, Kenya ilikuwa imefungiwa tena na FIFA. Mtu aliyenyimwa kibali kwa sababu ya nafasi ya nchi yake katika orodha sasa ameketi katika ofisi ambayo mivutano yake huchangia kuiamua nafasi hiyo.

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN. Kenya ilizishinda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Morocco na Zambia kwa bao 1-0 kila moja na kuongoza kundi lake, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Uwanja wa Kasarani ulifurika. CHAN, tofauti na Kombe la Mataifa ya Afrika, huwaruhusu tu wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Mchezaji wa kulipwa wa ughaibuni, hata awe bingwa wa Ulaya, hana ruhusa ya kukanyaga nyasi zake. Kwa miaka yote ambayo Mariga alikuwa Parma na Inter, asingeweza kushiriki.